Jikoni Tunaulizana: Wali unaoshikana, dashi ya ndagala na sombe ya mkwe

Barua za safari hii zinatoka katika nyumba za Bukavu ambamo mmoja wa wanandoa ni Mjapani. Hakuna hata moja inayouliza sushi wala vyakula vya hotelini. Wanaouliza wanataka chakula cha siku zote: wali, supu, samaki, mboga. Tumejibu kwa vipimo, maana "tia kiasi" na "pika mpaka iive" havimsaidii anayeanza. Kijiko cha supu tunachotaja ni cha mililita 15, cha chai ni cha mililita 5.

Wali wangu haushikani

*Jambo wahariri. Bwana yangu ni Mjapani, tunaishi Nguba. Wali ninaopika watu wa kwetu wanausifu: umechambuka, punje mbalimbali, una mafuta na chumvi. Yeye anakula, lakini anasema vijiti haviushiki. Nikaongeza maji, ukawa uji juu na kiini kigumu ndani. Pia aliniletea mashine ya wali kutoka kwao, ila naogopa kuichomeka. — Mama F., Nguba*

Mama F., kosa la kwanza haliko mkononi mwako, liko kwenye mchele. Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilozi na amilopektini. Mchele mrefu unaotoka Asia kwa magunia una amilozi nyingi, ndiyo maana punje zake huachana. Maji hayawezi kuubadilisha; yatauvunja tu. Tafuta punje fupi na nene, ambayo urefu wake haufiki mara mbili ya upana wake. Mchele mfupi wa Rwanda unaoitwa kigori uko karibu zaidi na unachotaka. Kama muuzaji amechanganya mfupi na mrefu gunia moja, usinunue: mmoja utaiva kabla ya mwingine.

Kwa watu wanne chukua vikombe 2 vya mililita 180, yaani gramu 300 hivi. Kikombe cha mililita 180 ndicho Wajapani hupimia mchele, tofauti na kile cha mililita 200 wanachopimia vitu vingine, na wengi huharibu wali kwa kuvichanganya. Chagua mawe kwenye lungo. Kisha osha: maji ya kwanza yatie mengi, koroga mara mbili tatu, yamwage upesi. Mchele mkavu hunywa maji ya kwanza kwa haraka, na ukiyaacha hunywa pamoja na harufu ya pumba. Rudia mara tatu, ukisugua taratibu kwa vidole. Maji si lazima yawe maangavu kabisa.

Hatua inayorukwa ni kuloweka. Loweka dakika 30 kwa maji ya uvuguvugu, saa nzima kwa maji baridi, mpaka punje igeuke nyeupe pee. Kile kiini kigumu ulichokikuta kinatokana na hapo: nje iliiva na kulegea kabla maji hayajafika katikati. Chuja, halafu tia maji mapya ya kupikia, vikombe 2 na nusu. Mapishi ya Kijapani yatakuambia vikombe 2 na robo au zaidi kidogo, lakini yameandikwa kwa miji iliyo kando ya bahari. Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi, na hapa maji huchemka kwenye digrii 95 badala ya 100. Wali huchukua muda zaidi, na mvuke unaopotea ni mwingi zaidi. Usitie mafuta wala chumvi. Kwenye meza ya Kijapani wali ndio unaotuliza chumvi ya vitu vingine.

Kwenye mbabula, anza na moto mkali na kifuniko kizito, hata ukiweka jiwe juu yake. Ndani ya dakika 8 hadi 10 utasikia sufuria inachemka kwa nguvu. Hapo toa makala mengi, yaliyobaki yafunike kwa majivu, uache dakika 15 hadi 17. Sauti ya kuchemka ikigeuka mlio mdogo wa kukauka, ipua, weka chini dakika 15 bila kufunua. Wajapani wana msemo wa zamani kwa wapishi wa wali: hata mtoto akilia, usifunue kifuniko. Mvuke wa dakika hizo 15 ndio unaomalizia kuivisha. Mwisho lowesha mwiko, pindua wali kutoka chini kwenda juu kwa kuukata, usiuponde.

Ukikuta maji chini, moto wa mwanzo ulikuwa dhaifu. Ukikuta ukoko wa rangi ya dhahabu, usione haya: Wajapani wanaupenda ukoko kama sisi. Ukiwa mweusi, makala yalibaki mengi.

Sasa mashine. Usiichomeke moja kwa moja. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 220. Itaungua papo hapo. Inahitaji transfoma ya kushusha volti kutoka 220 hadi 100. Soma nyuma ya mashine inakula wati ngapi, kisha nunua transfoma yenye uwezo unaozidi hapo kwa theluthi moja hivi. Mashine nyingi za familia hula kati ya wati 600 na 1,300, kwa hiyo vitransfoma vidogo vya redio havifai. Na kwa umeme unaokatika katikati ya kupika, sisi tungejifunza sufuria kwanza.

Miso ipo, utamu haupo

*Nina kilo mbili za miso kutoka Japani. Nachemsha maji, natia miso, naweka mboga. Inakuwa chumvi tupu. Zile samaki kavu na majani ya baharini vilikwisha zamani. Nimejaribu kibe cha magi, bwana yangu akaniomba nisirudie. Na shoyu, ule mchuzi wa soja wa madukani, nichague ipi? — Dada N., Muhumba*

Dada N., miso ni kiungo, rojo la soja iliyochachushwa kwa chumvi. Supu yenyewe ni dashi, yaani maji yaliyochukua utamu wa samaki mkavu au wa mwani wa kombu. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda, huko Tokyo, alionyesha kwamba utamu wa kombu unatokana na glutamati. Samaki wadogo wakavu wana kingine, inosinati, na viwili hivi vikikutana hutiliana nguvu. Miso ina glutamati yake tayari. Kinachokosekana kwako ni samaki. Kibe kina glutamati pia, lakini kimejaa chumvi, nawe unakitia juu ya miso ambayo nayo ni chumvi. Bwana wako alisema kweli.

Ndagala wakavu wa Uvira wanaweza kazi hii, ukijua wanapotofautiana na wale wa Japani. Dagaa wa dashi wa Kijapani, niboshi, huchemshwa kwanza katika maji ya chumvi ndipo wakaanikwa. Ndagala wetu huanikwa wabichi, mara nyingi juu ya mchanga. Kwa hiyo wana harufu kali zaidi, na mchanga. Vunja kichwa, toa utumbo mweusi wa tumboni, kwa maana huo ndio uchungu. Suuza upesi, wakaushe kwenye kikaango kisicho na mafuta, moto mdogo, dakika 2 au 3, mpaka harufu ibadilike kutoka ya soko kuwa ya kuchoma. Gramu 15, kama kiganja kimoja, kwa lita moja ya maji. Loweka angalau dakika 30. Ukiloweka usiku kucha ni bora. Pasha polepole, engua povu, na ikianza kuchemka iache dakika 10 tu, kisha chuja kwa kitambaa. Ukizidisha, uchungu unarudi.

Lakini njia tunayoipenda kuliko zote ni kujitengenezea niboshi kwa sambaza. Samaki huyu aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, naye ni wa ukoo wa dagaa. Nunua wa asubuhi, wenye macho maangavu na tumbo lisilopasuka. Chemsha lita 1 ya maji na gramu 30 za chumvi, yaani vijiko 2 vya supu visivyojaa. Tia nusu kilo ya sambaza, punguza moto ili maji yasirukeruke, la sivyo ngozi inachanika na mafuta yanavuja. Dakika 4 zinatosha. Watoe kwa kijiko chenye matundu, watandaze kwenye wavu bila kulaliana, uwaanike juani na chandarua juu kwa ajili ya nzi. Juni hadi Agosti, siku mbili au tatu za jua. Samaki yuko tayari anapokatika kwa sauti ukimkunja. Akijipinda bila kukatika, bado ana maji, na ndani ya kopo ataota ukungu. Majira ya mvua maliza kazi kwenye oveni ya moto mdogo kabisa, mlango umeachwa wazi kidogo.

Ukipata dashi, yaliyobaki ni mepesi. Viazi na karoti viive kwanza ndani ya dashi. Majani kama lengalenga yaingie dakika ya mwisho. Ipua. Yeyusha miso ndani ya upawa, kijiko 1 cha supu kisichojaa kwa bakuli la mililita 200, kisha rudisha sufuriani. Usichemshe tena, maana harufu ya miso ndiyo inayokimbia kwanza. Supu ya watu wanne ipikwe ya kuliwa mara moja.

Miso yako iweke kwenye chombo kinachoziba, plastiki imegusa uso wake. Ikigeuka nyeusi kidogo juu haijaharibika. Na kwa kuwa soja imejaa Kadutu, tunajua swali linalofuata: je, naweza kutengeneza miso mwenyewe? Si kwa ukungu uliootea jikoni. Miso inahitaji ukungu wa koji, mbegu iliyochaguliwa ambayo huuzwa ikiwa safi. Kuna ukungu wa jamii hiyo hiyo unaoota kwenye mahindi na karanga na kutoa sumu ya aflatoksini, na kwa macho huwezi kuutofautisha.

Kuhusu shoyu, geuza chupa usome. Inayofaa imeandikwa soja, ngano, chumvi, maji, na kwamba imechachushwa. Ukikuta rangi ya karameli na protini iliyovunjwa kwa kemikali, ni rangi ya kahawia yenye chumvi. Ile nzito nyeusi ya Kichina ina sukari na itatia chakula weusi. Usiitumie kwa kipimo cha mapishi ya Kijapani.

Sambaza wabichi

*Bibi yangu Mjapani anauliza kama sambaza waliotoka ziwani alfajiri wanaweza kuliwa wabichi kama samaki wa kwao. — Baba J., Kadutu*

Hapana, Baba J. Samaki wanaoliwa wabichi Japani wengi ni wa bahari, na hupitia barafu tangu wakiwa chomboni. Samaki wa maji baridi wanaotoka ziwani au mtoni hata huko wanaogopwa kuliwa wabichi kwa ajili ya minyoo. Siki, limau na chumvi haviwaui. Ongeza maji machafu ya mji yanayoshukia ziwani. Yai bichi juu ya wali nalo liachwe huko huko: mayai ya Japani huoshwa, hukaguliwa na huandikwa siku ya mwisho ya kuliwa mabichi, yetu hayapitii hayo.

Mpe badala yake nanbanzuke, samaki wa kukaanga waliolala kwenye siki. Kwa sambaza hatujui pishi linalowafaa zaidi. Kwanza mchuzi: siki mililita 100, dashi mililita 100, shoyu vijiko 3 vya supu, sukari vijiko 3, pilipili moja iliyokatwa. Chemsha mara moja, mimina juu ya kitunguu kimoja na nusu karoti vilivyokatwa nyembamba. Toa utumbo wa gramu 300 za sambaza, waoshe, kisha wakaushe kwa kitambaa mpaka kitambaa kisilowe. Wakiwa na maji, mafuta yanaruka na unga unageuka gundi. Wapake wanga wa mahindi, wakung'ute, wakaange kidogo kidogo. Mafuta yako tayari unapochovya kijiti kikavu na mapovu madogo yanakizunguka papo hapo. Dakika 4 hivi, mpaka mapovu yapungue na samaki awe mwepesi kwenye mwiko.

Watie kwenye siki wakiwa wa moto, moja kwa moja kutoka kwenye mafuta. Samaki wa moto hunywa mchuzi. Aliyepoa huuacha nje. Baada ya nusu saa wanaliwa, na kesho yake ni watamu zaidi, hata mfupa umelainika.

Mkwe wangu na sombe

*Mkaza mwana wangu ni Mjapani, mtoto mwenye heshima, anataka kujua vyakula vyetu na anaandika kila kitu kwenye kitabu. Juzi alipika sombe peke yake: aliikata kwa kisu, akaitia maji ya moto dakika tatu, ikabaki kijani. Nilizuia isiliwe, akaona haya sana. Nimweleze vipi? — Mama mkwe, Panzi*

Mama, asante kwa kuizuia. Mweleze kwamba alichofanya ni upishi mzuri kwa jani lisilofaa. Kwao majani huchemshwa dakika moja au mbili na kutolewa yakiwa kijani. Mtu aliyezoea hivyo haoni sababu ya kupika jani saa mbili, mpaka aambiwe sababu yenyewe.

Na sababu ni sayanidi. Majani ya muhogo yana kemikali ambayo, jani likipondwa, hukutana na kimeng'enya kilichomo humo humo na kutoa gesi ya sayanidi. Kuponda ndiko kunakoifungua, kuchemsha bila kifuniko ndiko kunakoitoa pamoja na mvuke. Kukata kwa kisu hakuvunji jani vya kutosha, na dakika tatu hazitoshi kitu. Mkabidhi hivi, kwa namba, naye atashukuru: kilo 1 ya majani machanga ya juu, yaliyooshwa na kupondwa kwenye kinu mpaka yasionekane vipande, lita 3 za maji, nusu saa ya kwanza bila kifuniko, moto mkali, dirisha wazi. Kisha saa 1 hadi moja na nusu kwa moto wa wastani, akiongeza maji ya moto yakipungua. Hapo ndipo viingie kitunguu, poaro, mililita 150 za mawese, gramu 200 za karanga za kusaga na ndagala. Chumvi iwe ya mwisho. Mafuta yakitangulia yanafunika uso wa maji kabla mvuke haujafanya kazi yake. Hata sombe iliyonunuliwa ikiwa imeshapondwa, saa za kuchemsha hazipungui.

Halafu mpe lengalenga apike kwa njia yake, familia ionje. Gramu 300, maji mengi yanayochemka na chumvi kidogo, mashina kwanza kwa nusu dakika, kisha majani, dakika 2 jumla. Atayatia maji baridi, atayakamua kwa mikono miwili, atayakata. Kwao huchanganya na ufuta uliosagwa. Karanga zinafanya kazi hiyo vizuri kabisa: vijiko 3 vya supu vya karanga zilizokaangwa na kutwangwa, kijiko 1 cha shoyu, vijiko 2 vya chai vya sukari. Kukamua kukiwa kwa ulegevu, maji yanatoka sahanini na shoyu inapotea.

Bugali nayo aipime. Lita 1 ya maji. Robo yake akoroge na gramu 150 za unga wa mahindi ikiwa baridi, amimine kwenye maji yaliyobaki yanayochemka, uji uive dakika 10 akikoroga. Kisha gramu 350 za unga wa muhogo, kwa mara moja, moto umepunguzwa, asonge kwa nguvu akiukandamiza kwenye ukingo wa sufuria. Mabonge hutokea unga ukinyunyizwa kidogo kidogo kwenye maji makali: wanga wa muhogo huiva nje mara moja na kufungia unga mkavu ndani. Unga hutofautiana kwa ukavu, kwa hiyo gramu 50 za mwisho azishike mkononi kwanza. Na kopo la gigoz mnalopimia sokoni, alipime mara moja kwenye mizani yake aandike uzito wa kila unga. Toka hapo mtasikilizana.

Nipike mara mbili kila jioni?

*Watoto wanataka bugali, baba yao anataka wali, mimi narudi kazini saa kumi na mbili. — Mama K., Ibanda*

Hapana, Mama K. Pika mboga moja yenye kukubali vyote viwili. Kari ya Kijapani ndiyo tunayoipendekeza. Iliingia Japani kupitia kwa Waingereza katika nusu ya pili ya karne ya 19, na leo ni chakula cha nyumbani na cha shuleni kuliko wageni wanavyodhani. Kila kitu chake kipo sokoni Nyawera.

Nyama ya ng'ombe gramu 300, vipande vidogo. Vitunguu 2 vikubwa, vikaangwe taratibu dakika 20 mpaka viwe kahawia. Hapo ndipo utamu ulipo, usivifupishe. Tia nyama, kisha maji mililita 800, uchemshe mpaka nyama ilegee. Nyama yetu ngumu na maji yetu ya digrii 95 yanataka saa moja na nusu, kwa hiyo hatua hii ifanye Jumapili kwa siku mbili. Karoti 1 na birayi (viazi) 3 vinaingia dakika 25 za mwisho. Pembeni, kaanga vijiko 4 vya supu vya siagi au mafuta na vijiko 5 vya unga wa ngano, moto mdogo, dakika 8, mpaka unukie kama mkate. Tia kijiko 1 na nusu cha unga wa kari, ipua. Legeza unga huo kwa upawa mmoja wa mchuzi, kisha mwingine, ndipo uurudishe sufuriani ambayo imeshatolewa motoni. Ukiutupia mzima kwenye mchuzi unaochemka, utapata mabonge yasiyoyeyuka. Malizia kwa vijiko 2 vya chai vya chumvi, kijiko 1 cha shoyu na nusu tufaha lililokunwa, au nusu ndizi mbivu. Rudisha motoni dakika 5 ukikoroga hadi chini, kwa sababu sasa inashika upesi.

Kwa wali wa kigori mchuzi wa mililita 800 ni sawa. Kama wengi mezani wanakula bugali, anza na mililita 650, ili uwe mzito na ushikwe na tonge. Pilipili iwekwe mezani, isitiwe sufuriani.